Kwa mdogo wangu aliye Texas, kabla hujanunua bastola

Mdogo wangu,

Salamu kwako, kwa wifi na watoto. Tangu nyumba ya jirani yenu ivunjwe, unasema umeamua kununua bastola, na kwamba sheria inakuruhusu. Nakuandikia hadharani kwa kuwa ndugu zetu wengi waliohamia huko wanalipima jambo hili hili.

Kuhusu sheria sikubishii. Huku Kenya silaha ni kibali: unaomba, unaeleza sababu, na serikali inaweza kukunyima. Huko ni haki iliyomo katika katiba tangu 1791, na mwaka 2008, katika kesi ya Heller, Mahakama ya Juu iliamua kwamba mtu binafsi anaweza kuweka silaha nyumbani kwa kujilinda. Hofu yako pia naielewa. Baba aliye mbali na ukoo wake lazima awaze atafanya nini mlango ukivunjwa saa nane za usiku.

Lakini angalia nani anakufa. Mwaka 2021 bunduki ziliua watu 48,830 nchini Marekani. Mtu akisikia hivyo anawaza majambazi, au anakumbuka Uvalde, huko huko Texas, ambako Mei 2022 kijana wa miaka 18 aliyenunua bunduki kihalali aliua watoto 19 na walimu wawili shuleni. Kumbe zaidi ya nusu ya wale wote, watu 26,328, walijiua wenyewe. Katika vifo hivyo hakuna mwizi aliyevunja mlango.

Sisi hatupendi kulitaja hili. Mtu akijiua tunasema amefariki ghafla, tunazika, tunanyamaza. Ndiyo maana nina wasiwasi kwamba wewe na wifi hamjalizungumza kabisa. Mna kijana wa miaka 15, na wewe mwenyewe umeniambia siku hizi hatoki chumbani. Wazo la kujiua linaweza kumpanda mtu kwa kasi, kisha likashuka, na wengi wanaookolewa wanaendelea kuishi miaka mingi. Anayejipiga risasi ni nadra kuokolewa. Takriban tisa kati ya kumi hufa. Tangu 2020 bunduki zinaua watoto na vijana wa huko kuliko ajali za magari.

Maoni yangu ni haya: usinunue sasa, kijana akiwa katika hali hiyo. Tia makomeo imara, taa za nje, king'ora. Nyumba ni yako na uamuzi ni wako, lakini ukinunua, kasiki inunuliwe siku hiyo hiyo. Bastola ikae bila risasi, risasi zifungiwe mahali pengine, na namba ya siri asiijue mtoto yeyote, hata yule mtulivu unayemwamini. Utaniuliza silaha iliyofungiwa itakufaa nini mwizi akishaingia. Itakuchelewesha, ni kweli. Nakubali uchelewe.

Na kabla ya hayo yote, kaa na kijana umuulize waziwazi kama amewahi kufikiria kujiua. Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Huko kuna namba 988 ya msaada kwa wenye mawazo ya kujiua, inapokea simu usiku na mchana. Mwambie pia shangazi yake yuko, apige saa yoyote, hata kama huku tumelala.

Dada yako