Barua kwa mwanangu: steringi huwa hafi

Marahaba mama, najua ukifungua hii utaanza na shikamoo kwahiyo naijibu kabisa. Naandika badala ya kupiga kwasababu jana kwenye simu tumeongea dakika arobaini habari za begi na kilo ishirini na tatu na lile nililopigia sikulisema. Mdogo wako kanipa laptop yake, kila dakika tano anakuja kunichungulia anafikiri nitabonyeza kitu iharibike.

Zile filamu zako nimeziangalia. Zote tatu, ile ya Kijapani mara mbili. Hukuniambia ziko vile. Ulisema tu baba wewe mtu wa filamu angalia hizi, afu ukapanda basi ukaenda zako Dar. Mimi mtu wa filamu gani mama? Nimeonyesha filamu zaidi ya miaka ishirini, tangu enzi za deki ya kukodi na jenereta na kiingilio shilingi hamsini, na mle bandani mwangu wamekufa watu hata sina hesabu, lakini walikuwa wanakufa maadui. Steringi hafi. Hata mtoto wa darasa la pili anayeingia kwa kupenya chini ya turubai alikuwa anajua. Kuna siku moja steringi alikufa kweli, watu wakasimama wakataka hela zao, na nikawarudishia. Sasa wewe unaniletea steringi ambaye yeye mwenyewe ndo anataka kufa, anaenda mpaka mahakamani kuomba ruhusa, na anayemkatalia ndo unamuona kama adui.

Lakini siyo hilo. Ni lile neno ulilosema umesimama mlangoni na begi mkononi, kwamba "bibi naye angepewa kuchagua". Ulimaanisha nini? Nimelala nalo wiki nzima. Najua unaenda kuuguza wazee wa watu huko Kanada, na sikuzuii, tiketi imeshalipwa, lakini nataka kujua mtu anayesema neno kama lile anaenda na nini kichwani.

Nianze na yule Mhispania, Ramón Sampedro, manake yule alikuwa mtu wa kweli. Baharia, kijana wa miaka 25, mwaka 1968 akajirusha kwenye maji toka mwambani wakati maji yanakupwa, shingo ikavunjika. Pale nilisimamisha filamu nikatoka nje. Unajua mwenyewe watoto wa huku wanavyoruka, na mdogo wako ni mmojawapo, na kila siku naongea kwamba maji ya kupwa hayana urafiki. Yule akalala kitandani karibu miaka thelathini, anaandika kwa kalamu ya mdomoni, anaomba sheria imruhusu asaidiwe kufa, wanamkatalia, mpaka mwaka 1998 akafa kwa kusaidiwa kwa siri. Filamu yake, The Sea Inside, ikatoka 2004, Hispania yenyewe ikapitisha sheria 2021, yeye hayupo siku nyingi.

Wewe najua ulimwangalia yeye. Mimi nilimwangalia baba yake. Yule mzee haongei filamu nzima, anakaa tu, afu kuna mahali anasema kitu kibaya kuliko kufiwa na mwanao ni mwanao mwenyewe kutaka kufa. Basi. Halafu ananyamaza tena. Ningekuwa natafsiri bandani kama wale jamaa wanaoweka sauti zao za Kiswahili juu, pale ningekaa kimya tu watu wasikie jenereta.

Na yule shemeji yake aliyekuwa anamgeuza kitandani asipate vidonda, umemuona? Miaka yote ile. Sijasikia mtu akimtaja. Wewe utakuwa yule, kumbuka.

Ya Kijapani, Plan 75, ndo iliyonitisha. Najua ni ya kutunga, Japani hawana sheria ile, lakini imetungwa kama tangazo la serikali, ukifika miaka 75 unaweza kujiandikisha ufe, unapewa yeni laki moja ukale raha, unapangiwa siku. Hakuna anayelazimishwa! Wote wanaongea kwa adabu, wanainama. Yule bibi wa miaka 78 anasafisha vyumba hotelini, kazi inaisha, nyumba hapati, anaanza kujiona mzigo. Hakuumwa popote mama, kakosa kazi tu na mtu wa kuongea naye. Yule binti wa mradi anayempigia simu alipewa dakika kumi na tano za kuongea naye, ikilia kengele basi.

Halafu kuna yule Maria, Mfilipino, mtunza wazee, mwanae anaumwa moyo anatakiwa operesheni, anaambiwa kule kwenye mradi wa 75 hela ni nzuri zaidi, anaenda. Anakaa anapanga vitu vya waliokufa, mikoba, saa, viatu. Hapo ndo nikaiangalia mara ya pili. Kwasababu nilimuona nani pale? Sitaki mtu wangu apange mikoba ya wafu kwa ajili ya mabati ya nyumba yangu na ada ya mdogo wake. Bora tuvujiwe. Nasema kweli, ingawa juzi nilikutumia meseji ya mabati na sikujua kama ulikuwa unanunua koti la baridi siku hiyohiyo.

Mwishoni yule bibi anatoka, umeona? Anaacha kitanda anaondoka na miguu yake. Nilipiga makofi peke yangu usiku. Steringi hakufa.

Sasa rudi kwenye neno lako. Ulinieleza vizuri tu sheria ya kule Kanada ya mgonjwa kusaidiwa kufa ilianza 2016, kwamba anayefanya ni daktari au nesi wa ngazi ya juu, wewe utakuwa mlishaji na mwogeshaji tu, na kwamba imeandikwa humohumo kwenye sheria hakuna wa kulazimishwa kushiriki. Sawa. Ukanieleza pia tangu 2021 hata ambaye kifo chake hakiko karibu anaweza kuomba, na kwamba mwaka 2023 waliondoka hivyo zaidi ya watu 15,000, karibu mmoja katika kila vifo ishirini. Uliyasema haraka kama unasoma ratiba ya basi. Mimi sisemi wote wale walikosea, nani mimi, sijalala kitanda chao. Sheikh ana jibu lake na unalijua, sina haja ya kukuandikia. Ninachouliza ni kwamba kati ya wale wote walioulizwa kama wana uhakika, wangapi waliulizwa panauma wapi. Maana wa kusaini hutakuwa wewe. Lakini wewe ndo utakuwa naye saa nane za usiku, na atakwambia nimechoka binti yangu. Muulize panauma wapi. Kabla hujamkubalia kwa macho, muulize.

Na usinijibu kwamba bibi tulimuuliza.

Siku zile za ugonjwa wake sikuelezei, ulikuwepo kuliko mimi, ulikuwa na miaka kumi na tano na ndo uliyekuwa unafua. Nakwambia ambalo hulijui. Ile chupa ya plastiki yenye dawa ya maji uliyoiona nyuma ya kanda siku ile tunavunja banda, ukaniuliza nikasema ni mafuta ya kusafishia hedi za deki, haikuwa mafuta. Ilikuwa mofini, dawa ya maumivu makali. Walinipa hospitali, nesi mmoja wa tiba shufaa, ile ya kumpunguzia mgonjwa maumivu, alinivuta pembeni kwenye korido akanielekeza, kijiko hiki, kila baada ya masaa manne, usisubiri alie. Nikaitikia vizuri. Kwenye basi nikakaa na mzee mmoja mwenye maneno akaniambia hiyo ndo dawa ya mwisho, wakishakupa hiyo wamekufukuzia mgonjwa, ukimpa wewe ndo umemuua. Basi nikaiweka nyuma ya kanda.

Ila unaikumbuka ile asubuhi aliyoamka akaomba chai na vitumbua, akamsema mama yako kwamba iliki kidogo? Mlisema ni Yasin ya usiku. Labda na Yasin. Lakini usiku ule dizeli iliisha, jenereta likazima, na ukuta kati ya banda na chumba chake ulikuwa mbao tu mama, unaujua. Sikuwa na kelele ya kujifichia. Nikaenda nikampa kijiko kimoja kwa tochi ya simu. Alilala mpaka jua linatoka. Jioni yake shemeji akaja akanusa mambo akauliza kanywa nini huyu, nikaogopa, sikurudia.

Sasa niambie wewe msomi, yule wa chai na vitumbua alikuwa anataka kuchagua nini? Aliposema Mungu anichukue alikuwa anataka kuchukuliwa, au alikuwa anataka kile kijiko cha pili?

Ulivyonisimulia kwamba Uganda tangu 1993 wana ile hospisi, ya kutunza wagonjwa wasiopona, unga wa mofini wanaukoroga na maji unakuwa wa bei rahisi, na manesi waliosomea wanaruhusiwa kuuandika wenyewe, mimi niliinuka nikasema naenda kufunga kuku. Kuku walikuwa wameshafungwa. Ukadhani sipendi habari za Uganda.

Filamu ya tatu ile ya Almodóvar, mwongozaji wa Kihispania, ya 2024, The Room Next Door, sina mengi. Wazungu matajiri, nyumba ya vioo msituni, matunda mezani yamepangwa kama duka. Yule mama aliyekuwa mwandishi wa vita ana kansa ileile ya bibi, ya shingo ya kizazi, anamwomba rafiki yake akae chumba cha jirani tu, asimsaidie chochote, awepo. Na kila asubuhi rafiki anaangalia mlango, ukiwa wazi yupo, ukifungwa basi imekwisha. Mlango mwekundu. Nilikuwa nauangalia ule mlango tumbo linaniuma. Sisi hatukuwa na mlango, tulikuwa na pazia, na watu wanaingia na kutoka, majirani, wa Yasin, watoto, kila mtu yupo. Mpaka leo tunajisifu kwamba kwetu mtu hafi peke yake. Ni kweli. Ila chumba cha jirani mimi nakijua vizuri kuliko yule mama wa kwenye filamu, nilikaa miezi mitatu naongeza sauti ya deki.

Haya. Nilitaka kukusifu nimejikuta nakulaumu. Kwamba ulienda kusoma unesi baada ya yale nilidhani ni kwasababu hukupata nafasi ya ualimu, hivo ndo nilivyokuwa nawaambia watu. Juzi msikitini nimesema tofauti. Lakini na wewe una kosa, mtoto hampi baba yake filamu za hivyo kwenye flash afu anapanda basi. Ungekaa tuangalie wote, ningetafuta juisi.

Kwahiyo ukifika, wiki ya kwanza waulize dawa za maumivu zinatolewaje na nani anasimamia usiku. Usiulize mshahara kwanza. Na ukiona kazi imekugeukia ikawa ya mikoba rudi nyumbani, hutaulizwa. Deni la tiketi nimeongea na shangazi yako, yeye hana haraka, anasema tu urudishe yale mabakuli yake ya mfuniko kabla hujaondoka, ameyataja mara tatu.

Mabati fundi amesema anasubiri mpaka mwisho wa mwezi. Mbuzi mkubwa amezaa, wawili, mmoja hasimami vizuri, mama yako anamlisha kwa chupa jikoni na jiko zima linanuka. Gesi iliisha jana tumerudi kwenye mkaa. Mama yako hajui nimekuandikia ya chupa, na sijui kama nimwambie kabla hujafika au baada, wewe ndo utaniambia. Alhamisi usinipigie ukiwa ndani ya ndege wanakataza, nipigie ukishashuka hata kama huku ni usiku, simu nitaiacha kwenye chaji na sauti nitaifungua.

Mdogo wako kaniegemea hapa, anauliza ile begi ya bluu unaenda nayo au unamuachia. Nimemwambia muachieni dada yenu kwanza apange.

Baba