Basanti bado yuko juu ya vigae

Ngamiani, Tanga
4 Januari

Shoga yangu,

Assalaam aleikum. Hujambo wewe, shemeji na watoto? Huku sisi wazima, ila joto linatuadabisha. Mama anakusalimu, anauliza mkeka wake umefika Mombasa au umelala Horohoro.

Voisi noti yako niliisikiliza mara mbili. Ya kwanza nilidhani unanitania. Wewe uliyenicheka mwaka mzima na "rejista ya mahudhurio" yangu, hili daftari la sinema ninazotazama, leo unauliza inaandikwaje! Nikaona hili nisilijibu kwa simu, maana nikianza kusema bando litaisha, langu na lako.

Ila kwanza tumalize ule ugomvi wa Desemba. Nimepata jibu la Sholay, ile sinema yetu ya Kihindi. Wewe ulishikilia kwamba mwishoni Thakur, yule polisi wa zamani, anamuua jambazi Gabbar kwa miguu, kwa vile viatu vya misumari. Mimi nikaapa kwamba polisi wanatokea, wanamzuia, Gabbar anachukuliwa akiwa hai. Ukasema nimezeeka, nikasema umeota, bajaji nayo inapiga honi nje. Sasa sikia: sote wawili tulikuwa wakweli. Ramesh Sippy aliitengeneza na mwisho wako wewe. Mwaka wenyewe ni 1975, India iko kwenye hali ya hatari aliyotangaza Indira Gandhi, na wakaguzi wa filamu hawakutaka kuona mtu aliyekuwa polisi akijichukulia sheria mkononi (mguuni, kwa huyu). Ikabidi upigwe mwisho mwingine, polisi waingie. Huo ndio ulioonyeshwa kwenye majumba ya sinema kuanzia Agosti. Ule wa kwanza ulikuja kuonekana miaka mingi baadaye, kwenye kanda za video. Basi kwenu mlikuwa na kanda yenu na sisi na yetu, na tangu shule ya msingi tunaitana waongo.

Kwa hiyo daftari la mwaka huu nimeliongezea safu: "ipi". Usije ukaandika jina la sinema ukadhani umemaliza.

Daftari lenyewe si kitu cha ajabu, ulishaliona. Ni kaunta buku niliyonunua niandike madeni ya wateja. Mbele bado ni madeni. Ukiligeuza juu chini ukaanzia nyuma, ndipo sinema zilipo. Iko siku madeni na sinema vitakutana katikati, na hapo sijui nitafanyaje. Mistari nimepiga kwa rula ya kukatia nguo: namba, tarehe, jina, mwaka iliyotoka, nimeitazamia wapi, na nani. Halafu mstari mmoja wa maneno. Mmoja tu, ukiweka miwili utachoka kabla ya Machi.

Mwanzoni niliweka na alama, juu ya kumi. Achana nazo, mwenzangu. Mwezi Mei nilirudi nyuma kusoma nikakuta nimegawa nane kama mtu anayegawa pipi harusini. Kuna moja ya Februari nimeipa tisa, na mpaka leo jina nalisoma lakini siwezi kukuambia kama ilikuwa ya mapenzi au ya vita. Tisa! Nyingine nimeipa nne, lakini pembeni nimeandika "mzee anamfunga mkewe kamba za viatu", na yule mzee namwona hadi leo, kucha zake zilivyokuwa ndefu. Nikachukua peni nikazikata alama zote, kuanzia Januari mpaka Mei. Sasa naandika kitu nilichokiona kwa macho. Si "inahuzunisha", si "nzuri sana". Kitu.

Mtoto wa kaka aliponiona na rula yangu akacheka, "Shangazi, hayo mambo siku hizi yako kwenye simu." Akaniwekea Letterboxd, programu iliyoanzishwa New Zealand mwaka 2011 kwa kazi hii hasa, kuweka hesabu ya filamu ulizotazama. Sikatai, inanisaidia. Nikisahau mwaka wa sinema au jina la mwongozaji naenda humo. Lakini nayo ina nyota zake, na mimi na alama tumeshapeana talaka. Tena haijui kwamba siku ile dari lilivuja sebuleni tukawa tunatazama huku sufuria inalia to, to, to. Daftari langu linajua, maana doa lenyewe liko pale, ukurasa wa tatu.

Hesabu ya mwaka ni sinema 64. Kwenye simu 31, kwenye runinga 17, kwenye laptop ya huyo mtoto wa kaka 11, kwenye banda la video 3, na ukumbini kabisa, wa viti na giza, 2, siku nilizokwenda Dar kufuata vitambaa. Nilipopiga hesabu hizi usiku wa tarehe 31 nilijiona mtu wa maana. Halafu nikazitazama zile 31 za simu.

Unajua nilivyo na cherehani. Nimeegemeza simu kwenye kopo la vifungo, mguu uko kwenye pedali, sketi ya sare inapita chini ya sindano, na muvi inaendelea. Tangu mwanzo wa mwaka nilikuwa na uaminifu wa kuandika "ch." pembeni ya kila niliyoitazama hivyo. Kati ya 31, zenye "ch." ni 22! Na kwenye hizo 22 mstari wa maneno ni upuuzi mtupu: "wanagombana sana", "muziki mzuri", "yule dada ana sauti ya bibi harusi wa Pongwe". Shoga, sikuzitazama zile. Nilizisikia, kama mtu anayesikia ugomvi wa jirani.

Iliyonishtua ilikuwa ya mwezi wa saba. Mtoto wa kaka alinirushia La Noire de…, ya Ousmane Sembène wa Senegali, ya 1966. Ni fupi, kama saa moja hivi, nikasema hii naimaliza kwa sketi mbili. Kumbe ni ya Kifaransa, maandishi ya Kiingereza yanapita chini. Ukishusha macho kwenye pindo umeshapotea. Nilirudisha nyuma mara tatu, mara ya nne nikatoa mguu kwenye pedali, nikazima na taa ya cherehani. Binti anaitwa Diouana, ametolewa Dakar kwenda Ufaransa akidhani anakwenda kulea watoto, kumbe ni kupika na kufagia ndani ya vyumba vinne asivyovitoka. Alikuwa amewapa matajiri wake kinyago. Mwishoni, binti mwenyewe hayupo tena, bwana yule anakwenda Dakar kukirudisha, na mtoto mmoja wa mtaani anakivaa usoni, anamfuata nyuma, nyuma, nyuma. Bwana anageuka kila hatua. Mstari wangu unasema: "Mtoto hakimbii. Anatembea tu." Na sketi zililala pale mpaka kesho yake, mwenye nazo akanisema.

Toka siku ile nikaweka sheria kwamba yenye "ch." haipewi namba. Naiandika, lakini bila namba. Ndiyo maana nakuambia hesabu ya 64 ni ya mwaka wa kwanza, ya kujifunzia. Kwa sheria ya sasa ningekuwa na 42, na hizo 42 ningekusimulia moja moja.

Jambo jingine daftari lilinianika. Mimi mtu wa kupiga kelele kwenye kila harusi kwamba watu wetu hawathamini sinema zetu. Mwisho wa Juni nilikuwa na 35, na za Afrika nzima zilikuwa mbili. Mbili! Zilizobaki Wakorea, Wahindi na wale wa kulipua magari. Nilifunga kaunta buku nikalificha chini ya vitambaa kama vile kuna mtu angekuja kukagua. Nusu ya pili ya mwaka nikazitafuta makusudi, nikafika 14.

Humo mna Vuta N'kuvute, ya Amil Shivji, ya 2021, kutoka kwenye kile kitabu cha Adam Shafi tulichokisoma kidato cha tano. Unakumbuka tulivyokuwa tunabishana Yasmin anafanana na nani? Wewe ulikuwa unamfananisha na yule binti wa duka la vyuma. Filamu ni nzuri, Zanzibar ya miaka ya hamsini imepigwa picha kwa utulivu hata unahisi chumvi kwenye kuta. Lakini Yasmin wangu amefutika. Nikijaribu kumrudisha yule niliyemtengeneza mwenyewe darasani, anakuja huyu wa filamu. Niliandika hivyo hivyo: "Nimempoteza Yasmin wangu." Kama wewe bado hujaitazama, nakusihi kwanza uniandikie Yasmin wako alivyo, kabla hujamwona huyu.

Na mna Supa Modo, ya Likarion Wainaina wa huko kwenu Kenya, ya 2018. Jo ni mtoto mgonjwa asiye na siku nyingi, anataka kuwa shujaa mwenye nguvu za ajabu, na kijiji kizima kinaungana kumtengenezea sinema yake. Hii nilitazama na Mama. Katikati akaniuliza, "Lakini mtoto anapona, eti?" Nikamwambia anapona. Akasema basi ngoja akaswali, akaenda, hakurudi. Mpaka leo kwa Mama yule mtoto amepona. Safu ya "na nani" nimeandika: "Mama, nusu."

Mama naye nilimjaribu. Nikamwambia tuandike za zamani, alizokuwa anakwenda Majestic na Novelty hapa mjini enzi za usichana wake. Hakumbuki mwisho wa hata moja. Anachokumbuka ni nguo: hii nilivaa gauni la maua ya zambarau, hii kanga za Kisutu, hii shoga yangu aliazima viatu vyangu akavirudisha vimekatika kisigino. Nimeziandika hivyo hivyo kwenye ukurasa wake, jina la muvi na nguo. Siuchezei ukurasa ule.

Zile tatu za banda ni za wanao, walipokuja likizo ya Agosti. Waliona kibao cha kibanda umiza, basi, hakukaliki. Walikuwa wameshazoea DJ Afro wao, yule mtafsiri wa sinema wa Kenya, wakasema mtafsiri wetu anaongea kama anahutubia msibani. Lakini walicheka. Sasa moja kati ya hizo nilikuwa nimeshaitazama nyumbani kwa Kiingereza, na ni sinema mbili tofauti. Kwenye simu jamaa anapigania heshima ya mwalimu wake. Kwenye banda anadai kodi ya miezi sita, na kila teke ni risiti. Nikazipa namba mbili. Wanao ni mashahidi.

Tamthilia za Kituruki sihesabu, na wewe usihesabu, kaunta buku litaisha kabla ya Ramadhani. Ukilala katikati, andika "nimelala dakika fulani", usione haya. Umeme ukikatika andika umekatika, na namba usiweke mpaka umalizie. Kitu nilichokosea ni kuandika asubuhi yake. Andika usiku ule ule hata kama wino ni wa peni ya mtoto. Asubuhi unaandika ulichosoma kwa watu, si ulichokiona wewe.

Kaunta buku nimekununulia moja, utaichukua ukija. Rula tafuta yako.

Ila kuna namba moja inaniwasha. Namba 65, Sholay yenyewe. Jina nimeandika, tarehe 27 Desemba nimeandika, wapi: sebuleni kwetu, na nani: wewe. Maneno hakuna na namba nimeizungushia duara, kwa sababu haikuisha. Saa mbili na zaidi tulikuwa tumeshakaa, Veeru amefungwa kambani, Gabbar ametoa amri, Basanti mpenzi wake Veeru anacheza juani na wale majambazi wanavunja chupa miguuni mwake, na ndipo bajaji ikapiga honi ukaniachia chai yako ya tangawizi nusu kikombe. Flash nimeitumbukiza kwenye kopo la vifungo. Sijachungulia mbele, wallahi, kwa hiyo sijui humo ndani umo mwisho wako au mwisho wangu. Wala usiitafute huko peke yako ukaja kunitambia.

Njoo Idi. Kumuacha Basanti juu ya vigae tangu Desemba ni dhambi.

Ni mimi shoga yako,
fundi wa Ngamiani