Karoli, usitembee usiku

Mwanangu Karoli,

Katibu wa jumuiya amenionyesha orodha ya wanaokwenda kwa miguu hija ya Namugongo, Uganda, na jina lako ni la tatu. Ungeniambia mwenyewe. Sina neno na hija, nina neno na usiku. Nasikia mmepanga kuondoka saa tisa alfajiri kila siku ili mkwepe jua, na barabara ya kutoka Malaba hadi Jinja ndiyo hiyo ya matrela ya mafuta. Dereva aliyetoka Mombasa bila kulala haioni rozari yako gizani.

Koti la kung'aa la bodaboda liko nyuma ya mlango wa jikoni, lichukue ukipita nyumbani. Tembea upande wa kulia uyaone magari yanayokuja. Usibaki mkiani mwa msafara ukichezea simu, maana nakujua.

Wenzako wanasema eti mashahidi wa Uganda, wale waliouawa na Kabaka Mwanga kwa ajili ya imani, nao walitembea. Walitembezwa, tena wamefungwa, kutoka Munyonyo hadi Namugongo, na mwenzao Ponsiano Ngondwe hakufika, alichomwa mkuki njiani. Karoli Lwanga alitengwa na wenzake, akachomwa kwa moto wa polepole kuanzia miguuni, tarehe 3 Juni 1886, siku ya Kupaa Bwana. Kizito alikuwa na miaka 14 tu. Jina la Lwanga nilikupa ulishike, sikukutuma ukafie barabarani.

Ukifika salama, nimesema salama, usianze na picha za kikundi. Wewe ndiye wa kwanza katika ukoo huu kusomea usanifu majengo, na yale niliyosema kuhusu karo mbele ya wageni yaache yapite. Kanisani nakusifu mpaka watu wananichoka. Basi litazame lile kanisa la mashahidi pale Namugongo kwa macho ya kazi yako. Aliyelichora ni Mswisi, Justus Dahinden, lakini umbo ni la nyumba ya Kiganda: mviringo, na paa linapanda likichongoka juu kama pia. Nguzo 22 zilizovikwa shaba zimelizunguka, moja kwa kila shahidi Mkatoliki. Waanglikana waliouawa pamoja nao wana mahali pao si mbali na hapo, upite pia. Mimi nilisimama chini ya nguzo moja nikakaza shingo mpaka ikauma, nisijue kama ndizo zinazobeba paa au ni pambo. Nataka jibu lako, na usinijibu kwa michoro.

Ndani, kanisa limejengwa juu ya pale alipochomwa Lwanga. Papa Paulo VI aliwatangaza watakatifu mwaka 1964, akaja mwenyewe Namugongo mwaka 1969, papa wa kwanza wa zama hizi kufika Afrika, kanisa hili likiwa bado. Lilitabarukiwa mwaka 1975, na cheo cha basilika likakipata mwaka 1993. Lakini tarehe 3 usitegemee kuingia ndani. Misa huwa nje, altare ikiwa katikati ya ziwa dogo na watu wamejaa miteremkoni. Uwahi nafasi, na uwahi mchana, si kwa kutembea usiku kucha. Niletee maji ya hapo, chupa moja ya lita inatosha, usije ukabeba jerikeni kama mama yule wa kigango cha pili.

Mbolea ya kukuzia haijawekwa shamba la juu, na baba yako mgongo umemkamata tena ingawa anakana. Nimemwambia mafundi wa bati waje ukiwa umerudi, ukawasimamie.

Elfu mbili nimekutumia kwa M-Pesa. Badilishia dukani ukifika mpakani Malaba, si kwa wale vijana wanaokimbilia magari. Jua likizama mlale parokiani, hata kama kiongozi wenu anaona mmechelewa; mwambie ni mimi nimesema. Na ufunguo wa ghala uliondoka nao wewe. Mpe dada yako Jumamosi, kuna debe tatu za mahindi za kupeleka sokoni.

Mama yako