Wapiga picha tuambiane ukweli kuhusu HDR

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme jambo linalotuhusu sisi wapiga picha wa jiji hili la Dar es Salaam, na linalowagusa pia ninyi mnaochapisha kazi zetu.

Tangu Daraja la Tanzanite lifunguliwe mwaka 2022, limepigwa picha mno. Ziangalie kwenye kalenda, kwenye kuta za saluni, kwenye mabango ya wauza viwanja. Anga ya zambarau, mawingu yenye makovu, nguzo zimezungukwa na ukingo mweupe unaong'aa, na bahari ina rangi ambayo mvuvi yeyote wa Feri angeikana. Hiyo ni HDR, yaani mbinu ya kuunganisha picha kadhaa za mwanga tofauti ziwe moja, iliyotiwa chumvi, na inaniuma kwa sababu daraja lenyewe ni zuri bila kuongezwa kitu.

Sina ugomvi na HDR. Jua la hapa kwetu ni kali. Saa saba mchana ukuta mweupe wa Kanisa la Azania Front unaungua kwenye picha huku sehemu zenye kivuli zikizama gizani, kwa kuwa kamera haiwezi kubeba vyote kwa mpigo mmoja. Ndipo unaiweka kwenye tripodi, unapiga picha ya kawaida, unashusha mwanga stopu mbili kuokoa ukuta (kila stopu hupunguza mwanga kwa nusu, au huuongeza maradufu ukipandisha), unapandisha stopu mbili kufungua kivuli, kisha programu inaziunganisha zote tatu. Si udanganyifu, wala si jambo la jana. Mfaransa Gustave Le Gray aliunganisha negativu (picha ya awali ambayo mwanga na giza vimegeuzwa) ya anga na ya bahari katika miaka ya 1850. Na ukitaka vioo vya rangi vya Kanisa Kuu la Mtakatifu Joseph vionekane pamoja na mabenchi yaliyo kwenye giza, bado sijaona njia nzuri kuliko hiyo.

Tatizo linaanza mezani, wakati wa kuediti. Jicho huzoea. Unaongeza rangi kidogo, baada ya muda inaonekana imefifia, unaongeza tena. Unavuta ukali wa mawingu, kisha unaona majengo nayo yamepooza, unayavuta. Ukikaa hapo jioni nzima huwezi tena kuihukumu picha yako, hata uwe na kipaji namna gani, maana ndivyo macho yalivyoumbwa. Anahitajika mtu ambaye hajaiona.

Mtu huyo ni adimu. Tukirushiana picha kwenye makundi ya WhatsApp, majibu ni "moto", "noma sana", "hatari kaka". Ni upendo, nakubali, lakini hakuna aliyewahi kurudi kwenye kompyuta kurekebisha picha kwa sababu ya neno "moto".

Wenzangu wachache na mimi hukutana Jumapili kwenye studio moja hapa Magomeni. Mwenye picha anaiweka kwenye skrini kubwa pamoja na zile tatu mbichi, halafu ananyamaza mpaka wengine wamalize. Kunyamaza ndiko kugumu. Kijana mmoja alileta mashua za Feri alfajiri, kazi nzuri kabisa, mpaka mwenzake akamuuliza, "Dogo, hii mashua ina matanga mangapi?" Mashua ilikuwa imesogea kati ya mpigo mmoja na mwingine, na programu ikaziweka zote. Akaonyeshwa jinsi ya kuichukua mashua kutoka picha moja tu, anga aiache kama ilivyounganishwa. Wiki iliyofuata akairudisha ikiwa safi. Yupo pia mzee wetu mmoja, aliyesafisha filamu kwenye chumba cha giza miaka mingi. Yeye swali lake ni moja: "Jua lilikuwa upande gani?" Mara nyingi linatosha, maana tunagundua tumeifanya anga kuwa nyeusi kuliko mchanga ambao anga hiyo hiyo ndiyo iliyoumulika.

La harusi nalisema kwa uchungu. Ukichukua mtindo huu ukaumwaga juu ya uso wa bibi harusi, ngozi yake nyeusi nzuri inageuka kijivu kama imepakwa majivu, na kila kitundu kinachomoza. Sura ya mtu haitaki hayo. Bibi harusi hasimami kama jengo, na kivuli chini ya shavu lake ndicho kinachompa umbo. Mrudishieni kivuli chake.

Kwako Mhariri, karatasi ya gazeti hunywa wino. Picha iliyoeditiwa kwenye simu yenye mwanga mkali ikifika kwenye ukurasa wako inakuwa tope, na msomaji anadhani mtambo ndio mbovu. Nakuomba kona ndogo katika toleo la mwisho wa wiki: picha ya msomaji mmoja, na chini yake maneno machache ya mpiga picha mwingine yanayosema wazi kilichofanikiwa na kilichozidi. Ikiwezekana, wiki mbili baadaye ichapwe tena baada ya kurekebishwa, wasomaji waone tofauti kwa macho yao.

Sisi wa Magomeni tuko tayari kuleta picha zetu ziwe za kwanza kukosolewa.

Mpiga picha wa studio,
Magomeni, Dar es Salaam