Baba Mdogo, Babu hakwenda Burma, alikwenda Bukini

Baba Mdogo, shikamoo.

Picha ya jiwe la kaburi uliyoituma juzi usiku kwenye kundi la ukoo nimeiona. Marumaru nyeusi, maandishi ya rangi ya dhahabu, jina la Babu, mwaka wa kuzaliwa wa kukadiria kama ilivyo kwa wazee wote wa rika lake, na chini kabisa mstari ambao fundi bado hajauchonga, ameuandika kwa chaki tu: "Askari wa Keya, alipigana Burma." Watu wote walishukuru. Nami niliandika ahsante. Halafu nikakaa macho mpaka alfajiri, maana Babu hakupigana Burma. Alivuka bahari, ndiyo. Alipigana ng'ambo, ndiyo. Ila Burma, kule Asia, nchi ambayo leo ni Myanmar, hakukanyaga hata siku moja.

Naomba usinihesabie utovu wa adabu kwa kukuandikia mbele za watu. Simu ningeipiga, na nitaipiga. Lakini najua jambo hili si la nyumba yetu peke yake. Kuanzia Songea hadi Tabora, mzee aliyerudi na sare ya Keya, yaani KAR, jeshi la Mwingereza la askari wa Afrika Mashariki, aliitwa mzee wa Burma, basi, na huenda kuna mjukuu mwingine mwenye kopo la biskuti uvunguni kama lile letu ambaye hajawahi kulifungua.

Lile kopo Bibi alinikabidhi siku ya arobaini ya Babu, wewe ulikuwepo. Ndani mna vitu vitatu: cheti cha kuachishwa jeshi kilichochanika kwenye mikunjo, kifungo kimoja cha shaba, na nyota ya pembe sita yenye utepe uliopauka. Cheti kinasomeka kwa shida, lakini kikosi kimebaki: 6 KAR, kikosi cha 6 cha Keya. Mwaka wa kuachishwa ni 1943, kwa ugonjwa. Na ile nyota niliisugua taratibu kwa majivu na kitambaa, jina likatokea kwa Kiingereza: Nyota ya Afrika. Waliopigana Burma walipewa nyota yao, na jina la Burma limeandikwa juu yake. Babu hakuwa nayo, wala asingeweza kuwa nayo. Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki iliingia Burma katikati ya mwaka 1944, wakati yeye ameshavuna mahindi yake ya kwanza baada ya kurudi.

Cheti na nyota vilinitia shaka. Kilichonipa jibu ni ng'ombe.

Unakumbuka alivyokuwa akituita jioni turudishe mifugo? Ng'ombe aliwaita "umbi". Mbwa alikuwa "ambua", na kuku "akuhu". Sisi watoto tuliona ndicho Kiburma, tukaenda kuringa nacho shuleni. Mwaka jana hapa bandarini, kazini kwetu, alikuja baharia kijana kutoka Mahajanga kushughulikia karatasi za meli yao. Wakati tunasubiri muhuri nikamsimulia habari za Babu na Kiburma chake. Yule kijana akaniangalia, akasema dada, hicho ni Kimalagasi. Akaniandikia kwenye kiganja cha mkono wake kwa kalamu: omby, amboa, akoho. Kwao herufi o hutamkwa u. Ng'ombe, mbwa, kuku. Ni maneno yaliyovuka kutoka pwani yetu hii kwenda kwao karne nyingi zilizopita pamoja na mifugo yenyewe, na Babu akaenda kuyakuta huko yakimsubiri. Kisiwa chao wazee wa pwani walikiita Bukini, na watu wake Wabuki. Siku hizi tunasema Madagaska.

Tangu hapo nimesoma kila nilichopata kuhusu kikosi chake. Nikusimulie.

Vita ilipoanza Septemba 1939, Keya nzima, ya Kenya, Uganda, Nyasaland (Malawi ya leo) na Tanganyika, ilikuwa na askari Waafrika wasiofika 3,000. Kikosi cha 6 ndicho kilikuwa cha Tanganyika, na asili yake yenyewe ni kisa: kiliundwa mwaka 1917 kutokana na askari waliokuwa wa Mjerumani, wakatekwa, wakavishwa sare ya Mwingereza. Keya wa kabla ya vita alipiga kwata bila buti. Ndipo lori za kuandikisha zikaanza kupita wilayani. Kikosi kikaongezwa watu mpaka kikazaa kingine, kikawa cha 1/6 na cha 2/6, na vita inakwisha Keya ilikuwa imeunda batalioni 43. Hebu fikiri kazi iliyokuwepo hapo. Kila sajini mzoefu anapewa makuruta ambao miezi mitatu nyuma walikuwa wanachunga, wengine hawajawahi kupanda gari la moshi, na kila kumi kati yao wana lugha za kwao tano. Amri zote zilitolewa kwa Kiswahili, kile Kiswahili cha Keya kilichonyooka kama fimbo, na maofisa wa Kizungu waliotoka Uingereza nao walilazimika kujifunza. Babu aliondoka nyumbani anajua Kihehe. Alirudi na Kiswahili, na ndicho alichotulelea.

Ule mguu wake wa kulia wenye kovu la duara kisiginoni, ambao Bibi aliukanda kwa mafuta ya mbarika kila majira ya baridi, nadhani unaujua kuliko mimi. Alisema kovu lile si la risasi. Ni la katambuga, kwenye matembezi ya mazoezi: mzigo mgongoni, bunduki begani, kutembea usiku kucha, asubuhi uji, halafu tena. Aliniambia vita yenyewe ilikuwa fupi, mazoezi ndiyo yalikuwa marefu. Nilipokuwa mdogo nilitaka hadithi za bunduki na niliona ananinyima. Sasa naona hadithi ya mazoezi ndiyo aliyokuwa anataka kuisimulia.

Kwanza walipelekwa Ethiopia kumtoa Mwitaliano. Tarehe 19 Mei 1941, kikosi cha 1/6 kilivuka mto Billate karibu na Colito. Vifaru vya Waitaliano vikatoka porini kuwasukuma warudi majini, na sajini mmoja wa kikosi hicho, Nigel Leakey, mzaliwa wa Kenya, akarukia juu ya kifaru kimoja, akakifungua na kuwaua waliomo karibu wote, akakifuata kingine, hakurudi. Alipewa Msalaba wa Victoria, nishani kuu ya ushujaa ya Waingereza, baada ya kufa. Askari weusi walioshikilia ile ng'ambo ya mto siku hiyo majina yao hayasimuliwi hivyo. Kambi ya Dar es Salaam baadaye iliitwa Colito kwa ajili ya vita ile. Ndiyo ile walipoasi wanajeshi Januari 1964, na ndiyo leo Lugalo, jina la mahali kwetu Uhehe ambapo Mkwawa alimpiga Zelewski, kamanda wa Wajerumani, mwaka 1891. Napita pale kwenye daladala kila siku nikitoka Tegeta, Baba Mdogo. Jina la zamani ni la vita ya Babu, jina jipya ni la nyumbani kwake, na sikuwahi kujua.

Halafu ikaja bahari.

Februari 1942 Singapore iliangukia mikononi mwa Wajapani. Aprili ndege zao zikapiga Colombo, na meli za kivita za Waingereza zikahamia Kilindini, Mombasa. Bukini ilikuwa ya Wafaransa, lakini Wafaransa wa serikali ya Vichy, iliyokuwa imekubaliana na Hitler. Waingereza waliogopa Mjapani asije akapewa bandari ya Diego Suarez, kaskazini mwa kisiwa, akaziba njia ya meli zote zinazopanda kwenda Misri na India. Mei 5 wakaishambulia bandari hiyo wenyewe, wakaichukua. Kisha wakahitaji watu wa kuilinda na kuendelea mbele, na hapo ndipo ilipoitwa Brigedi ya 22 ya Afrika Mashariki, pamoja na 1/6.

Babu alisema hakuna aliyewaambia wanakwenda wapi. Walishonewa vifungo, wakachanjwa sindano mkono huu na mkono huu, wakakaguliwa miguu, wakaandikiwa barua za nyumbani na karani maana wengi hawakujua kuandika, na barua zikasomwa kwanza na ofisa kabla ya kufungwa. Bahari alikuwa ameiona Dar es Salaam, lakini kuiona na kuipanda ni mambo mawili. Chini ya sitaha kulikuwa na joto na harufu ya rangi na matapishi. Usiku hakuna kuwasha hata kiberiti. Kila siku king'ora cha mazoezi: panda juu, vaa boya, simama mahali pako, nyamaza. Aliniambia alilala na boya kifuani kama mtoto amelala na mwanasesere, na kwamba kijana mmoja wa Ungoni upande wake alisali usiku kucha kwa sauti ndogo sana mpaka koplo mwenyewe akaacha kumkanya.

Nilidhani ni hofu ya washamba wasiojua maji. Sivyo. Mei 30, siku chache tu kabla hawajafika, nyambizi ndogo za Kijapani ziliingia ndani ya bandari ileile waliyokuwa wanaiendea, zikaiharibu manowari ya Ramillies na kuizamisha meli ya mafuta. Nyambizi kubwa zilizozileta zikabaki kwenye mlango wa bahari wa Msumbiji, na kati ya Juni na Julai zikazamisha meli za biashara zaidi ya 20. Babu na wenzake walipita kwenye maji hayo, wiki hizo. Brigedi ilishuka Bukini tarehe 8 Juni 1942.

Yaliyofuata nitayapitia haraka. Septemba walishushwa Majunga, ambayo ndiyo Mahajanga ya yule baharia, wakashika njia ya kwenda mji mkuu, Tananarive, zaidi ya kilomita 500. Wafaransa walikata daraja la Betsiboka, wakaangusha miti barabarani kwa mamia na kujenga kuta za mawe, na askari wakawa wanashika shoka na mtaimbo kuliko bunduki. Septemba 23 mji ukachukuliwa. Oktoba 18 pale Andramanalina brigedi ilizunguka bonde usiku, ikatokea nyuma ya waliowategea, wakateka watu mamia. Novemba 6 vita ikasimamishwa.

Lakini hapo kwenye mateka nataka tukae kidogo. Wengi wa waliokuwa upande ule hawakuwa Wazungu. Walikuwa Wabuki na Wasenegali, waliovishwa sare ya Mfaransa kama Babu alivyovishwa ya Mwingereza. Babu aliwekwa kuwalinda, nyanda za juu, mahali alikosema kuna baridi ya Iringa kabisa, ukungu asubuhi, na ng'ombe wenye nundu kama wetu wakipanda kilima. Mateka mmoja akamnyooshea kidole wale ng'ombe, akasema "umbi". Babu akasema "ng'ombe". Wakatazamana. Kisha mbwa wa kambi akapita.

Hiyo hadithi alinisimulia mara moja tu, nikiwa darasa la nne, bila kutaja nchi. Alisema "ng'ambo". Nimejaribu kukumbuka kama aliwahi kutamka Burma kwa kinywa chake, sikumbuki. Burma tulimpa sisi.

Alirudi na malaria iliyokuwa inamtetemesha mpaka kitanda kinalia. Kule Bukini waliokufa kwa maradhi walikaribia sawa na waliouawa vitani, kwa hiyo hata kurudi tu alibahatika. Nawe ndiye uliyekuwa ukimfunika mablanketi, uliniambia mwenyewe.

Najua utasema, mwanangu, jina tu hilo, watu wanajua Burma, nani ajue Bukini? Nakuelewa. Burma ni neno zito kijijini. Ila ni la wenyewe. Ni la wale walioteremka bonde la Kabaw mwaka 1944 mvua ikiwa imegeuza njia kuwa matope ya magoti, mpaka wakafika Kalewa Desemba. Ni la wale wa mizinga waliotoka Kilindini kwa meli ya Khedive Ismail, ikapigwa na nyambizi Februari 12, 1944 karibu na Maldivi, ikazama dakika chache na watu karibu 1,300. Ndugu zao wana haki ya neno hilo, na sidhani Babu angependa alichukue. Naye ana lake. Diego Suarez yapo makaburi ya vita ambako wamelala wenzake, na hapa kwetu sijaona hata jiwe moja lililoandikwa jina la kisiwa kile.

Jana mchana nilimpigia fundi. Nisamehe kwa hilo pia. Amesema mstari wa chini atausubiri mpaka Ijumaa, na kwamba "Bukini" ina herufi moja tu zaidi ya "Burma", haitaongeza bei. Cheti na nyota nimevifunga kwenye kitambaa cheupe, na Alhamisi jioni napanda basi la kuja Iringa nikuletee uvione kwa macho yako, kisha wewe ndiye uamue.

Nisalimie Mama Mdogo na watoto.

Mwanao.