Utafiti wa maada yenye joto kali usisubiri mashine ghali

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako nipinge dhana iliyoenea hata miongoni mwa wasomi wa hapa Arusha, kwamba utafiti wa maada iliyo chini ya joto na shinikizo la kupita kiasi, kama ile ya kitovu cha dunia, ni wa mataifa yenye maabara kubwa peke yake.

Majaribio yenyewe ni ghali, sikatai. Tarehe 5 Desemba 2022, maabara ya Lawrence Livermore nchini Marekani ilielekeza leza zenye nishati ya megajuli 2.05 kwenye shabaha yenye kidonge cha haidrojeni na kupata megajuli 3.15 kutokana na muungano wa viini vya atomu, hakuna atakayelifanya hilo Tengeru. Hata hivyo, maada ya namna hiyo huchunguzwa pia kwa programu zinazokokotoa mwenendo wa elektroni, kwa nadharia ya msongamano wa elektroni ya miaka ya 1964 na 1965 iliyompatia mwanafizikia Walter Kohn Tuzo ya Nobel ya Kemia mwaka 1998.

Kwa njia ya kawaida, idadi ya atomu ikiongezeka mara mbili, kazi ya kompyuta huongezeka takriban mara nane. Joto likipanda, elektroni hutawanyika katika ngazi nyingi zaidi za nishati, na zote hukokotolewa, hivyo hata kompyuta kubwa huelemewa. Zipo njia mpya zinazotumia sampuli za nasibu, na nyingine zinazokokotoa kila eneo kwa kutazama jirani zake wa karibu tu, ili kazi ikue sambamba na idadi ya atomu. Ajabu ni kwamba joto lililoikwamisha njia ya zamani huzirahisishia kazi hizi mpya, kwa kuwa kadiri maada inavyopata moto ndivyo uhusiano wa elektroni za mahali pamoja na zile za mbali unavyopungua. Ufumbuzi huo umetoka katika hisabati, si kwa wauza mashine.

Programu kama Quantum ESPRESSO hutolewa bure pamoja na msimbo wake, na mifano midogo huendeshwa kwenye kompyuta ya mezani (umeme usipokatika). Hesabu kubwa zitahitaji mashine kubwa, lakini hizo hutumiwa kwa mbali kupitia intaneti. Naishauri Taasisi ya Afrika ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela, pamoja na vyuo vya Moshi, kabla ya kutenga fedha za vifaa, viajiri walimu wa aljebra ya matriksi na uandishi wa programu sambamba (zinazogawa kazi moja kwa vichakato vingi kwa wakati mmoja).

Msomaji wako,
Arusha