Asante kwako uliyeandika kwa penseli pembeni mwa mwongozo wa maswali ya fizikia

Hatukujui jina, lakini asante sana. Uliandika: "Funika jibu kwa karatasi, chora kwanza." Hapo ndipo penye kazi yote. Anayesoma suluhisho lililokwisha kufanywa huona kila mstari ni rahisi, kisha kwenye mtihani hajui aanzie wapi. Dakika kumi na tano za kuhangaika mwenyewe, halafu kufunua mstari mmoja tu, zinafundisha zaidi.

Shukrani za pekee ni kwa ukurasa wa kitu kinachoteleza kwenye mteremko wa nyuzi 30, kigawo cha msuguano 0.2. Ulizungushia duara kosa linalowanasa wengi: kuchukua kani ya uso, yaani ile ambayo uso wa mteremko unakisukumia kitu kwa pembe mraba, kuwa sawa na uzito mzima, mg (masi mara mchapuko wa mvutano). Kwenye mteremko ni mg kosine 30. Ukikosea hapo unapata mchapuko wa 2.94 m/s², jibu sahihi ni kama 3.2. Tofauti ni ndogo, na ndiyo maana kosa hupita bila kuonekana. Ukaongeza kuwa masi inajifuta yenyewe, kwa hiyo namba usiziingize mapema, maliza kwa herufi kwanza. Ushauri mzuri mno.

Na ile alama ya mshangao kando ya kikokotoo! Kikiwa kwenye radiani, kipimo kingine cha pembe kisicho nyuzi, sine ya 30 hutoa −0.988 badala ya 0.5.

Penseli yako bado inasomeka. Hatutaifuta.